Wimbo Uliopanda Ghorofa ya Tatu

Mjomba wa msichana huyu alikuwa kinyozi mwenye vidole vinene kama vipini vya nyundo, na mtu asiyemjua asingemdhania muziki hata kidogo. Lakini juu ya kioo cha kinyozi huyo, kati ya kopo la poda na kalenda ya mwaka uliopita, palikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia fidla. Mteja mmoja akitoka na mwingine hajaingia, mjomba alifuta mikono, akaishusha, akapiga.

Msichana alikuwa na miaka tisa siku mama yake alipomtuma ampelekee mjomba chakula cha mchana. Alifika mlangoni na bakuli mikononi, akakuta fidla inalia. Alisimama palepale. Hakuelewa jinsi kipande cha mbao na nyuzi nne vinavyoweza kusema jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa nalo kifuani siku zote na hakujua linaitwaje. Mjomba alipomaliza na kugeuka, chakula kilikuwa kimeshapoa, na mtoto alikuwa bado anatazama ile fidla kama mtu aliyeona ukuta wa nyumbani kwao unafunguka na nyuma yake kuna chumba kingine.

Mjomba akamuuliza kama anataka kuishika. Alitikisa kichwa kukataa. Kesho yake akarudi bila kutumwa, na keshokutwa, na wiki ya tatu ndipo akanyoosha mkono. Tangu hapo alifundishwa mle mle dukani kwa miaka minane. Wapo wateja waliokaa kwenye kiti na ndevu za upande mmoja, povu linawakauka shavuni, wakingoja mwalimu amalize kumwelekeza mwanafunzi namna ya kulegeza kifundo cha mkono. Walilalamika, lakini walirudi. Mmoja alisema heri kunyolewa nusu na muziki kuliko kunyolewa mzima na redio ya jirani.

Kwa maneno msichana hakuwa mtu wa mengi. Mama yake, aliyekuwa akipanga barua posta tangu asubuhi hadi alasiri, alisema mwanawe huyu ukimuuliza swali anakupa jibu kama anayekukopesha. Lakini akiwa na fidla, ndani ya duka lile dogo, mbele ya mjomba na kioo, alikuwa na mengi ya kusema.

Alipofika miaka kumi na saba, mjomba alimwandikisha kwenye shindano la vijana katika ukumbi wa mji. Kwa wiki mbili mama alimshonea gauni la buluu lenye mikono mifupi ili lisimbane kwapani. Siku ikafika. Nyuma ya pazia alisikia watu wanaingia, viti vinakunjuliwa, mtoto anakohoa, na kila sauti ilimwongezea baridi vidoleni. Aliisugua mikono, haikupata joto. Ulimi ulikuwa mkavu kama karatasi. Alipoitwa, alitembea hadi katikati ya jukwaa akiwa hausikii mguu wake hata mmoja, akaweka fidla begani, akainua upinde, akaushusha kwenye uzi.

Upinde ukaanza kuruka. Yeyote aliyepiga fidla anajua aibu hiyo: mkono wa kulia unatetemeka kidogo tu, lakini upinde ni mrefu, na tetemeko dogo la mkononi linafika kwenye ncha likiwa kubwa. Badala ya sauti moja ndefu alipata vipande, kama mtu anayezungumza huku meno yanagongana. Akaubana upinde ili utulie, nao ukazidi kuruka. Alipiga mistari minne. Kisha akasimama, katikati ya wimbo, na ukumbi mzima ukanyamaza ukingoja. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Akainama kama mtu aliyemaliza, akaondoka kwa mlango wa nyuma.

Mjomba alimkuta amekaa kwenye ngazi za nje, upinde mkononi. Alichukua fidla, akaifungia ndani ya sanduku lake, akasema, "Twende nyumbani, mwanangu." Hakusema neno jingine njia nzima. Msichana alidhani mjomba anaona haya kwa ajili yake. Kumbe mjomba alikuwa anaogopa kwamba neno lolote atakalolisema litakuwa chumvi kwenye kidonda. Kwa hiyo walinyamaza wote wawili, kila mmoja kwa upendo wake, na kimya kile kikakua hadi kikawa kama jamaa wa tatu anayekaa nao mezani. Fidla ikaingia chini ya kitanda ikakaa huko mwaka na miezi.

Akapata kazi hospitali, kwenye chumba cha dobi.

Chumba hicho kilikuwa chini kabisa ya jengo, nusu yake ndani ya ardhi. Kulikuwa na mashine sita za kufulia, kila moja na mlango wa kioo wa mviringo, mashine tatu za kukaushia, na pasi kubwa ya roli ambayo shuka liliingia upande huu na kutokea upande ule likiwa limenyooka na linachoma mikono. Kuta zilikuwa za vigae vyeupe toka sakafuni hadi darini. Kwenye kona lilitokea bomba la bati, pana kiasi cha mtu kuingiza mabega, ambalo lilishuka moja kwa moja toka ghorofa ya tatu. Wauguzi wa juu walifungua kimlango ukutani, wakatupa mashuka machafu, nayo yalianguka kwa kishindo ndani ya kitoroli kilichowekwa chini yake.

Wanawake sita walifanya kazi humo chini ya msimamizi waliyemwita Mama Mvuke, kwa sababu alionekana zaidi akiwa ndani ya mvuke kuliko nje yake. Walizungumza kutwa nzima, kwa kupayuka, maana mashine zilinguruma. Yule mgeni hakupayuka. Kufikia mwisho wa juma la kwanza walikuwa wamempa jina: Kifuniko. Mama Mvuke alieleza kwamba kifuniko hakisemi mpaka chungu kichemke, na kwamba yeye alikuwa tayari kungoja. Binti alitabasamu. Jina likashika.

Kazi iliisha saa kumi alasiri. Mashine zote zilizimwa, ila nguo za mwisho zilizotoka kukaushwa zilihitaji nusu saa zipoe kabla ya kukunjwa, na ilibidi mtu mmoja abaki. Wengine walikuwa na watoto wa kuwawahi. Kifuniko akasema atabaki yeye, kila siku, na wote wakamshukuru.

Siku moja katika nusu saa hiyo alidondosha ndoo ya bati. Alitegemea kishindo. Badala yake ile sauti ilipaa, ikagonga vigae, ikazunguka chumba, ikakaa hewani muda mrefu ikipungua taratibu kama maji yanayotulia. Alisimama na mdomo wazi. Akapiga kofi moja, na chumba kikamrudishia kofi hilo likiwa limenawiri. Akavuta pumzi, akaimba sauti moja tu, ya chini, naye akasikia sauti yake ikifanywa kuwa ya mtu mkubwa kuliko yeye. Alikuwa amefanya kazi mle miezi minne bila kujua kwamba yuko ndani ya ala ya muziki.

Kesho yake alikuja na fidla ndani ya mfuko wa foronya.

Vidole vilikuwa vimesahau mengi, lakini hapakuwa na wa kumwona. Alisugua sandarusi, ule utomvu mkavu wa kuupa mshiko, kwenye upinde, akalinganisha nyuzi, akaanza na vitu vidogo vidogo. Aligundua kwamba sauti ilikuwa tamu zaidi akisimama kwenye kona, mgongo karibu na mdomo wa lile bomba la bati. Hakujiuliza kwa nini. Mkono haukutetemeka. Kila alasiri, saa kumi na dakika chache, alipiga mpaka nguo zikapoa, kisha alikunja, akafunga mlango, akaenda nyumbani akiwa mwepesi. Zaidi ya vyote alirudia wimbo mrefu wa polepole ambao mjomba wake aliutunga ujanani. Katikati yake palikuwa na mlima: sauti zilipanda juu, juu zaidi, na kidole kidogo kililazimika kufika mahali ambapo ukikosea kwa upana wa unywele, kila mwenye sikio anajua. Alikosea hapo mara nyingi kuliko alivyopatia.

Ikawa miezi mitano. Kisha uzi mmoja ukakatika, na ikamchukua siku mbili kupata mwingine. Siku ya tatu asubuhi alikuwa akitoa mashuka kwenye kitoroli cha bomba alipoona karatasi imebanwa kwa pini kwenye upindo wa shuka. Ilikuwa karatasi ya kuandikia joto la mgonjwa, na nyuma yake mtu aliandika kwa kalamu ya buluu: *Wewe unayepiga huko chini, jana na juzi kulikoni? Sisi Wodi ya Nne.*

Aliisoma mara tatu. Chumba kilikuwa na joto la kupika yai, lakini yeye alihisi kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Alitazama mdomo wa bomba, akafuata kwa macho njia yake ukutani hadi ilipopotelea darini. Miezi mitano. Kila kukosea, kila kurudia, kila mara aliposimama katikati na kujilaumu kwa sauti. Vyote vilikuwa vimepanda ghorofa tatu, vikatokea kwenye ukuta wa watu asiowajua. Ile karatasi aliikunja akaitia mfukoni. Fidla ilirudi chini ya kitanda jioni ileile.

Zilipita siku tisa za kazi. Siku ya kumi, mashine zilipozimwa na wenzake wakaondoka, alisikia viatu vya raba vinashuka ngazi. Alikuwa sista mkuu wa Wodi ya Nne, mwanamke mpana mwenye saa iliyobanwa kifuani na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Hakuwa na kawaida ya kushuka huko. Aliangalia mashine, akaangalia bomba, akamwangalia binti.

"Ni wewe?" akauliza.

Kifuniko aliokota shuka lililokuwa bado la moto, akaanza kulikunja.

Sista akaketi juu ya furushi la mablanketi, akamweleza. Wodi yake ilikuwa ya mifupa, vitanda thelathini, watu waliovunjika wakaungwa na wanaongoja. Alisema hakuna ugonjwa mchungu kama kungoja. Mwezi wa kwanza walidhani ni redio ya mtu. Mgonjwa wa karibu na kimlango cha mashuka ndiye aliyegundua, akaomba kiachwe wazi. Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi, hakuna anayeita muuguzi, hakuna anayewasha simu. Mgonjwa mpya akiletwa akiwa analia kwa maumivu, wa kitanda cha jirani humwambia avumilie mpaka alasiri kuna kitu. Dawa za saa kumi na nusu wauguzi walikuwa wakizichelewesha kwa dakika kumi, jambo ambalo, alisema, angeshukuru daktari asilisikie.

"Sikuja kukulazimisha, mdogo wangu," alimalizia. "Nimekuja kwa sababu wameniuliza siku tisa mfululizo, na mimi sina jibu."

Kifuniko alisema kwa sauti ndogo kwamba hakujua kama anasikika. Sista akasema ndivyo alivyodhani. Akainuka, akajinyoosha mgongo, akapanda ngazi zake.

Usiku ule binti hakuulizwa na mtu, wala hakumwambia mtu. Ila asubuhi alimwomba Mama Mvuke ruhusa ya kupeleka yeye mwenyewe toroli la mashuka safi ghorofa ya tatu. Mama Mvuke, ambaye kwa miezi yote hiyo hakuwahi kuombwa kitu na msichana huyu, alimpa toroli kabla hajamaliza sentensi.

Alitaka tu kuwaona. Alidhani atapita, atatazama, kisha atashuka. Wodi ilikuwa ndefu, madirisha upande mmoja, vitanda vya chuma safu mbili, miguu imening'inizwa kwa kamba na vyuma vizito kama kwenye karakana. Alianza kugawa mashuka akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye kitanda kilichokuwa karibu na kile kimlango cha ukutani alilala mzee mmoja aliyekauka kwa jua la miaka mingi, miguu yote miwili ndani ya plasta hadi mapajani. Wodini walimwita Mzee wa Winchi, kwa kuwa maisha yake yote aliendesha winchi ndefu ya kupandishia vyuma kwenye majengo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama mkono wa kushoto wa binti, ambao ulishika chuma cha toroli, na vidole vyake vinne vilikuwa vinacheza juu ya chuma hicho, kimoja kimoja, bila mwenyewe kujua. "Ni wewe," akasema.

"Mimi ni wa mashuka, mzee."

"Najua ni wa mashuka. Ule wimbo wa polepole, ukifika katikati unaanza kukimbia. Nani anakufukuza?"

Kama angemsifu, angekimbia. Lakini swali lilikuwa la kazi, kama vile mjomba angeliuliza, na jibu likamtoka kabla hajalizuia. "Pale ni pagumu. Nakimbia nipite kabla sijakosea."

"Na bado unakosea."

"Ndiyo."

"Kuna Jumanne moja ulikosea mara nne. Yule kijana wa kitanda cha pili huwa anahesabu." Mzee akageuza kichwa chake kwenye mto. "Halafu kuna Ijumaa ulipita salama. Unaijua hiyo Ijumaa?"

Aliijua. Alasiri ile alikuwa amecheka peke yake mbele ya mashine za kufulia.

"Wodi nzima ilishusha pumzi," mzee akasema. "Yule bwana pale dirishani alikatazwa kukaa, akakaa. Tulikuwa tumepanda na wewe pale mahali miezi minne, binti. Siku uliyofika juu, na sisi tulifika."

Kifuniko alisimama na shuka mkononi. Alikuwa amedhani kwamba kusikika ni kukamatwa. Siku zote aliwaza masikio ya watu kama macho ya mahakimu. Na kumbe juu ya kichwa chake, ghorofa tatu, watu thelathini wenye mifupa iliyovunjika walikuwa wakibana pumzi kila alasiri ili kidole chake kidogo kifike. Walisikia kila kosa lake alilowahi kulifanya. Hapakuwa na kosa jipya lililobaki la kuwaonyesha. Na walikuwa wameandika karatasi kuuliza yuko wapi. Jambo hilo lilikuwa kubwa mno, halikumwingia lote kwa mara moja. Alihisi linamwingia pole pole, kama joto linavyoingia mikononi mtu akitoka kwenye baridi.

Alimwambia mzee ukweli, kwa sababu ilionekana upuuzi kumficha mtu kama huyo. Alisema hawezi kupiga mbele ya watu. Mkono unatetemeka, upinde unaruka. Mzee alisikiliza, kisha akamwambia kuhusu ngazi ya winchi. Ilikuwa na vipago mia moja na kumi na viwili, wima, nje, hakuna ukuta wa kuegemea. Alipanda kila asubuhi kwa miaka ishirini na tisa. Na kila asubuhi, akifika kama kipago cha arobaini, magoti yalianza kucheza.

"Kila asubuhi?" akauliza Kifuniko.

"Mpaka asubuhi ya mwisho. Mwaka wa kwanza mzima niliungoja woga uishe. Haukuisha. Mwaka wa pili nikachoka kuungoja, nikaupa kazi."

"Kazi gani?"

"Magoti yakianza, najua nimefika arobaini. Sihitaji kuhesabu tena." Akacheka, kisha akakunja uso maana kicheko kilimfika miguuni. "Na hii miguu usifikiri ni winchi. Nilianguka bafuni."

Alhamisi iliyofuata, saa kumi na dakika chache, Kifuniko aliosha uso, akachukua fidla, akapanda. Hakumwambia mtu ila sista. Kwenye ghorofa ya kwanza mate yalimkauka. Ghorofa ya pili vidole vikaingia baridi, na alisimama ameshika ukuta, akiisikia damu yake masikioni. Alijua dalili hizo zote. Alizijua kama mtu anavyojua nyumba za mtaa wake. Hapo ndipo alipokumbuka magoti ya mzee, akajiambia, basi nimefika arobaini. Akaendelea kupanda.

Sista alikuwa amefungua madirisha. Hakuna aliyepiga makofi alipoingia. Vichwa tu viligeuka mitoni, vile vilivyoweza kugeuka. Aliona mwanamume mwenye shingo ndani ya chuma, ambaye alitumia kioo kidogo cha mkononi ili amwone. Alisimama katikati ya safu mbili za vitanda. Akaweka fidla begani. Akashusha upinde.

Upinde ukaruka. Uliruka vilevile kama siku ile ukumbini, sauti ya kwanza ikatoka vipande vipande. Lakini safari hii hakuubana. Aliuachia uruke, akauvuta mrefu zaidi, taratibu zaidi, akiwa anausikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayelia mpaka achoke. Mstari wa kwanza ulitetemeka. Wa pili ulitetemeka kidogo. Kwenye mstari wa tatu sauti ilinyooka ikatoka nzima, nzito, na wodi ile, ambayo haikuwa na vigae wala mwangwi, iliipokea bila kuirembesha, na bado ilikuwa nzuri.

Akafika kwenye mlima. Alisikia hamu ya kukimbia inampanda miguuni. Aliinua macho. Na hapo akaona jambo ambalo kwa miezi mitano lilikuwa likitendeka bila yeye kuliona: watu thelathini wameacha kupumua. Kijana wa kitanda cha pili alikuwa amefumba macho na kukunja ngumi. Muuguzi mmoja alisimama na sindano mkononi, haendi mbele wala harudi. Mzee wa Winchi alitazama dari kama anayetazama kipago cha juu. Kila kifua kilikuwa kinamsubiri, na hapakuwa na hukumu usoni mwa mtu. Kifuniko hakukimbia. Alipanda pole pole, sauti baada ya sauti, akawasubiri, na kidole kidogo kikafika, kikakaa mahali pake, na alikiacha hapo muda mrefu kuliko mjomba wake alivyoandika, kwa sababu hakutaka kushuka.

Kisha pumzi ikatoka kwenye vitanda vyote kwa pamoja. Alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia sauti kubwa kama ile, na ilikuwa pumzi tu.

Alipomaliza, alishusha upinde. Halafu mtu mmoja mwishoni kabisa, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa na dripu na mwingine ndani ya plasta, alichukua kijiko kwa vidole vilivyochomoza akagonga chuma cha kitanda. Wa pili akafuata. Kikombe kikagonga, fimbo ikagonga, na ikawa vitanda thelathini vya chuma vinalia kama kengele, hata wodi ya jirani ikatuma mtu kuuliza kumetokea nini. Binti alisimama katikati ya mlio huo, mikono imeshuka, hajui aende wapi, machozi yanamtiririka na wala hayafuti.

Siku ile alipita kwa kinyozi kabla ya kwenda nyumbani, akamsimulia mjomba kila kitu, mwanzo hadi mwisho. Mjomba aliacha wembe. Alipomaliza kusikiliza alisema kwamba siku ile ya ukumbini alinyamaza kwa kudhani kidonda kisipoguswa kitapona. Naye binti akamwambia kwamba yeye alidhani amemwaibisha mjomba. Walitazamana kupitia kioo, mteja akiwa kati yao na povu usoni, na mteja huyo aliapa baadaye kwamba hakusogeza hata nyusi.

Hakuacha kazi ya udobi. Alipanda Wodi ya Nne kila Alhamisi kwa mwaka mzima, wagonjwa wakibadilika vitandani, na kila Alhamisi upinde ulitetemeka mistari miwili mitatu kisha ukatulia. Mzee wa Winchi aliondoka kwa magongo mwezi wa tatu, akilalamika kwamba ukutani kwake nyumbani hakuna bomba. Mwaka uliofuata Kifuniko alirudi ukumbi wa mji, akiwa na miaka ishirini na mmoja, akapiga wimbo wa mjomba mbele ya watu mia nane. Hakushinda. Alikuwa wa tatu. Lakini kiongozi wa kundi la muziki la mji alimfuata nyuma ya pazia, akamuuliza kama jioni za Jumatano ana nafasi.

Onyesho lake la kwanza na kundi hilo lilikuwa miezi sita baadaye. Nusu saa kabla ya kuanza, vidole vilimwingia baridi, naye akaenda maliwatoni kuvitia kwenye maji ya moto. Akamkuta mtu ameshatangulia. Alikuwa mpiga fidla wa kwanza wa kundi, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, mwenye nywele nyeupe, ambaye Kifuniko alimtazama miezi yote hiyo kama mtu anavyotazama mlima kutoka bondeni. Alikuwa amesimama mbele ya bomba, mikono ndani ya maji yanayofuka mvuke, uso umempauka, na kwenye kioo midomo yake ilikuwa ikitetemeka.

Alimwona binti kwenye kioo. Hakuona haya. Alisogea upande mmoja kumpa nafasi, akasema, "Njoo, mwanangu, maji bado yana moto."

Wakasimama bega kwa bega, mikono minne chini ya bomba moja, wakisikiliza ukumbi unavyojaa.